Hawaangushwi na Aljebra, Wanachoka Njiani



Kila mwaka, ifikapo Agosti na tena Januari, mabinti na vijana wetu hapa Marekani hujiandikisha katika vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili ambavyo wao wenyewe huviita komyuniti koleji. Mmoja ataka uuguzi, wa pili uhasibu, wa tatu atamani uhandisi. Wazazi hufurahi, nao wana haki ya kufurahi. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, ukiuliza habari za baadhi yao, hujibiwa kwa sauti ya chini: “Aliacha. Hesabu zilimshinda.”

Jibu hilo aghalabu si la kweli, na kwa kuwa si la kweli linatudhuru. Linamfanya kijana ajione hana akili, na linamfanya mzazi akate tamaa. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaopotea katika aljebra hawakushindwa mtihani. Waliondoka kabla ya kuufikia. Walichoka njiani, na mara nyingi walichoka wakiwa peke yao. Makala hii inaeleza kwa nini njia hiyo ni ndefu, namna ya kuifupisha, na lipi liko katika uwezo wa familia hata kama mzazi hakusoma aljebra.

Njia ndefu yenye milango mingi

Chuo cha jamii humpokea karibu kila mtu. Hiyo ni fadhila yake kubwa. Lakini kupokewa si kuanza masomo ya fani. Anayeonekana hajawa tayari kwa hesabu za chuo huelekezwa kwanza kwenye madarasa ya kujazia: hesabu za msingi, kisha aljebra ya mwanzo, kisha aljebra ya kati. Madarasa hayo hulipiwa ada kama mengine, na aghalabu hayahesabiwi katika krediti za kupata digrii.

Mwaka 2010 Thomas Bailey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa namna hii katika vyuo vingi. Kati ya kila wanafunzi 100 walioelekezwa kwenye hesabu za kujazia, 33 tu walimaliza mlolongo wote. Kwa walioanzia chini kabisa, madarasa matatu au zaidi nyuma ya hesabu za chuo, waliomaliza walikuwa 17. Na jambo la kuzingatia zaidi ni hili: waliopotea kwa sababu ya kutojiandikisha, ama darasa la kwanza ama lililofuata, walikuwa wengi kuliko waliopotea kwa kufeli.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone jinsi hasara hiyo inavyokusanyika. Chukua wanafunzi 100 wenye madarasa manne mbele yao, matatu ya kujazia na moja la chuo. Tuseme katika kila darasa, 7 kati ya kila 10 wanafaulu na kuendelea. Si matokeo mabaya. Baada ya darasa la kwanza wamebaki 70, baada ya la pili 49, baada ya la tatu 34, na wanaovuka la nne ni 24. Hakuna darasa lililoangusha watu wengi kupita kiasi. Ni wingi wa milango uliowamaliza. Kati ya mlango na mlango kuna likizo, kuna zamu za kazini, kuna mtoto aliyezaliwa, kuna baba aliyeugua, kuna nauli iliyokosekana.

Fedha nazo zina mpaka wake. Msaada wa serikali uitwao Pell hulipia madarasa ya kujazia hadi kiasi cha krediti 30 tu, na tangu mwaka 2012 mtu hawezi kuupata kwa zaidi ya mihula 12 katika maisha yake yote. Kadhalika, mwanafunzi anayeanza masomo mengi na kumaliza machache huweza kupoteza msaada huo, kwa kuwa vyuo vingi vinataka amalize takriban theluthi mbili ya krediti alizozianza. Somo aliloliacha katikati ya muhula huhesabiwa kuwa alilianza na hakulimaliza. Kwa hiyo kijana anayejiondoa kimyakimya hapotezi muhula mmoja tu.

Kabla ya kupangiwa darasa

Hatua ya kwanza ya kuifupisha njia hufanyika kabla ya masomo kuanza, nayo ndiyo hatua ambayo familia nyingi huipita bila kuiona. Katika vyuo vingi mwanafunzi hupewa mtihani wa kumpangia darasa. Unaojulikana zaidi ni ACCUPLACER, unaofanywa kwenye kompyuta, wenye maswali 20 katika kila sehemu ya hesabu. Mtihani wenyewe haukuwekewa kikomo cha muda, lakini vijana huufanya mbio kama wanaowahi basi. Wengine huingia bila kufungua daftari, kwa kuambiwa kwamba mtihani huu haufelishi mtu. Ni kweli haufelishi, ila unaweza kumrudisha nyuma mwaka mzima. Watungaji wake hutoa maswali ya mazoezi bila malipo. Majuma mawili ya kuyafanya, saa moja kwa siku, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na muhula mmoja wa ada.

Tena mtihani huo si mizani isiyokosea. Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton, naye wa Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha kwamba katika mfumo mmoja mkubwa wa vyuo vya mjini, karibu mwanafunzi mmoja kati ya kila wanne waliofanya mtihani wa hesabu alikuwa amepangwa mahali pasipomfaa kabisa, na wengi wa hao waliwekwa chini ya uwezo wao. Alama za shule ya sekondari zilibashiri vizuri zaidi.

Matokeo ya uchunguzi wa namna hii yamebadilisha sheria. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vya jamii vizingatie alama za sekondari, na visimpeleke mwanafunzi kwenye madarasa ya kujazia isipokuwa pale inapoonekana kuwa uwezekano wake wa kufaulu darasa la chuo ni mdogo sana. Tennessee tangu mwaka 2015, na Texas kwa sheria ya mwaka 2017, zimeingia katika utaratibu mwingine: mwanafunzi huingia moja kwa moja katika hesabu za chuo, na pembeni huwekewa darasa la kumsindikiza, lenye saa za ziada za mazoezi juu ya somo lilelile. Milango minne inakuwa mmoja, na nyuma yake yupo wa kumshika mkono.

Basi mzazi au kijana aende kwa mshauri wa masomo na maswali haya mkononi: Je, alama za sekondari zaweza kutumika badala ya mtihani? Je, lipo darasa la chuo lenye darasa la kusindikiza? Je, mtihani waweza kurudiwa, na baada ya siku ngapi? Aliyesoma Afrika Mashariki aulize kama vyeti vyake vya sekondari vinakubaliwa na vinatakiwa kutafsiriwa na kuthibitishwa wapi. Kuuliza si ujinga, na katika nchi hii asiyeuliza huwekwa mahali palipo wazi, si mahali panapomfaa.

Hesabu ipi, kwa kazi ipi?

Si kila fani inadai aljebra ya kiwango kimoja. Katika vyuo vingi, programu za uuguzi na za ustawi wa jamii hukubali somo la takwimu, ilhali uhandisi na sayansi ya kompyuta vinadai aljebra thabiti inayopanda hadi kalkulasi.

Jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu katika vyuo vitatu vya jamii vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York katika muhula wa vuli wa mwaka 2013. Wanafunzi waliokuwa wameambiwa warudi kwenye aljebra ya mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisoma aljebra ya kujazia kama kawaida, na waliofaulu walikuwa asilimia 39. La pili lilisoma aljebra hiyohiyo likiongezewa saa za mazoezi ya pamoja kila wiki, wakafaulu asilimia 45. La tatu liliruka aljebra ya kujazia na kusoma takwimu za chuo pamoja na saa za mazoezi, wakafaulu asilimia 56. Walipofuatiliwa baada ya miaka mitatu, waliohitimu katika kundi la takwimu walikuwa asilimia 25, na katika lile la kwanza asilimia 17.

Hata hivyo tutahadhari. Binti anayetamani uhandisi asishawishiwe kuchukua takwimu kwa kuwa ni nyepesi. Atafaulu leo na kesho akute mlango aliokuwa akiutaka umefungwa. Swali la kumuuliza mshauri ni hili: “Fani hii, na chuo kikuu nitakachohamia, vinataka hesabu ipi?” Jibu liwe la maandishi.

Ufa ulipo

Kwa wale ambao aljebra ni lazima kwao, yafaa tujue hasa wanapokwama. Aghalabu si katika aljebra yenyewe, bali katika mambo yaliyoachwa nyuma miaka mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza ni sehemu. James Stigler na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, waliwauliza wanafunzi wa madarasa ya kujazia: ikiwa a ni namba nzima chanya, kipi ni kikubwa, a/5 au a/8? Waliojibu sawasawa walizidi nusu kwa kidogo tu, sawa na watu waliorusha shilingi. Lakini mtoto yeyote anajua kwamba mkate uliogawiwa watu watano humpa kila mmoja kipande kikubwa kuliko mkate huohuo uliogawiwa watu wanane. Maarifa anayo, ila hajaambiwa kwamba ndiyo hayo.

Ufa wa pili ni utaratibu wa kukokotoa. Waliosoma shule za msingi za Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Waliosoma Kenya wana BODMAS, na Wamarekani wana PEMDAS. Zote ni ukumbusho mwema, lakini anayezifuata herufi kwa herufi hupotea. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Basi 10 − 3 + 2 ni 9. Anayejumlisha kwanza kwa kuwa JU imetangulia TO atapata 5, naye atadhani mwalimu amemwonea. Vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha: 12 ÷ 3 × 2 ni 8, si 2.

Ufa wa tatu ni alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano. Wengi huandika kwamba 5 − (x − 2) ni 3 − x. Jibu sahihi ni 7 − x, kwa sababu kuondolewa deni la shilingi mbili ni sawa na kupewa shilingi mbili. Na kosa linaloonekana katika kila darasa ni kudhani kuwa (x + 3)² ni sawa na x² + 9. Dawa yake ni kumzoeza mwanafunzi kujaribu kwa namba. Aweke 1 mahali pa x: upande mmoja atapata 16, upande wa pili 10. Namba zimemwambia ukweli, hakuhitaji kumngoja mwalimu.

Ufa wa nne ni lugha. Kiingereza husema “tano pungufu ya kitu fulani”, na mwanafunzi huandika 5 − x kwa kufuata mpangilio wa maneno, ilhali ni x − 5. Kwa mafumbo ya namna hii, kijana na alifasiri swali kwa Kiswahili kwanza, alielewe, ndipo aandike namba. Kufikiri kwa lugha ya mama si aibu wala si kuchelewa.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mwalimu kijana aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walianguka katika kalkulasi ilhali wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Watu walimpa sababu nyingi: hawana bidii, familia zao hazijali elimu, msingi wao dhaifu. Akawafuatilia wanafunzi 20 wa kila kundi mahali walipoishi na walipojisomea, akakuta sababu hizo hazisimami. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii, na familia zao zilijali. Tofauti ilikuwa kwamba walisoma peke yao. Wenzao walisoma kila mmoja kwake, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, na aliyekosea akajua usiku uleule kwamba amekosea. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu kwa pamoja, na waliojiunga wakaanza kufaulu vizuri sana.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Ndivyo tulivyosoma madrasa: mwanafunzi hudurusu na mwenzake, mkubwa humsikiliza mdogo, na anayefundisha hujikuta ameelewa zaidi ya anayefundishwa. Ajabu ni kwamba watoto wetu wakiingia chuoni huiacha desturi hiyo, kwa haya. Hawataki mwenzao ajue kwamba hawajui sehemu. Basi huketi chumbani na kitabu, wakikwama hufunga mlango, na hatimaye hufunga kitabu.

Tuna uwezo wa kulirekebisha hili bila kungoja fedha za mtu. Vijana watatu au wanne walio katika somo moja, mara mbili kwa juma, saa mbili kila mara, katika maktaba au katika ukumbi tunamokutania. Kila mmoja afanye maswali kwanza peke yake. Wakikutana, asiwepo wa kunakili. Kila mtu aeleze kwa mdomo jinsi alivyofika, maana anayeweza kueleza ndiye aliyeelewa. Wale waliokwisha kuvuka, na wapo miongoni mwetu wahasibu, walimu na mafundi, wajitolee jioni moja kwa juma. Wakiishindwa wote, waende pamoja kwa mwalimu katika saa zake za ofisini. Saa hizo zimewekwa kwa ajili yao, na kwenda si kulalamika.

Vyuo vyenyewe vimejifunza kwamba kusindikizwa kunazaa matunda. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii: mshauri wa karibu, walimu wa mazoezi, kadi ya usafiri, na msaada wa vitabu, kwa sharti la kusoma muda wote na kuanza hesabu za kujazia mapema bila kuziahirisha. Ulipopimwa kwa wanafunzi wa kipato kidogo waliohitaji madarasa ya kujazia, waliohitimu katika miaka mitatu walikuwa asilimia 40, na kwa wenzao wasiokuwa katika mpango asilimia 22. Kila familia iulize kama chuo cha mji wao kina mpango wa jinsi hiyo.

Mzazi asiyejua aljebra

Wazazi wengi husema, “Mimi nitamsaidia nini, nami sikusoma?” Yafaa wakumbuke jina la elimu hii limetoka wapi. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma’mun, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu za al-jabr na al-muqabala. Alieleza mwenyewe kwamba amekusudia yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, migawanyo, madai na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi. Wala hamkuwa na x ndani yake. Kila kitu kiliandikwa kwa maneno, na kile kisichojulikana akakiita kwa Kiarabu “kitu”.

Basi mama akae na mwanawe mezani amuulize hivi. Mtu amefariki, madeni na wasia vimekwisha kulipwa, pamebaki dola 24,000. Ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni, yaani 3,000. Zimebaki 21,000 za watoto, na fungu la mwana ni mara mbili ya fungu la binti. Fungu la binti hatulijui, tuliite kitu. La mwana ni vitu viwili. Vitu vitatu ni 21,000, basi kitu kimoja ni 7,000, na mwana ana 14,000. Mama huyo amefanya aljebra. Kilichobaki ni mtoto kuandika 2x + x = 21,000 na kuona kwamba ni maneno yaleyale yaliyofupishwa.

Lililo kubwa kuliko hesabu yenyewe ni kwamba mama ameketi pale. Mzazi asiyeweza kusahihisha jibu anaweza kuuliza kila Ijumaa: “Juma hili mmesoma nini? Ulikwama wapi? Ulimuuliza nani?” Anaweza kumpunguzia kijana zamu za dukani na kazi za nyumbani kabla ya mtihani. Anaweza kuhakikisha kwamba Ramadhani ikiangukia wakati wa mitihani, mwalimu amekwisha kuelezwa tangu mwanzo wa muhula. Anaweza kuweka ukutani kalenda ya chuo, na juu yake tarehe ya mwisho ya kujiondoa katika somo, ili uamuzi huo usifanywe usiku wa hasira bali baada ya kuzungumza na mwalimu na ofisi ya msaada wa masomo.

Na alama mbaya ya kwanza ikija, kwa kawaida katika juma la nne au la tano, hiyo ndiyo saa ya familia kusogea karibu, si saa ya kukemea. Kijana hakwambii kwamba amekwama kwa sababu anaogopa jibu utakalompa. Akijua kwamba nyumbani ataulizwa “Tufanyeje?”, atasema mapema, na lililosemwa mapema lina dawa. Akijua kwamba atalinganishwa na mtoto wa fulani, atanyamaza mpaka muhula uishe, kisha hatajiandikisha tena, nasi tutasema hesabu zilimshinda.

Muhula mpya unapokaribia, kila nyumba yenye mwanafunzi wa chuo cha jamii imuulize mambo matatu: umepangiwa darasa gani na kwa kipimo kipi, fani yako inataka hesabu ipi, na unasoma na nani. La tatu likikosa jibu, tulianze hilo kwanza. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na atupe sisi subira ya kutembea nao.